Legeza Uzi wa Sita: Gitaa Kavu na Sauti za Kanda ya Ziwa

Shika gitaa kavu. Gusa uzi wa sita, ule mnene ulio karibu na kidole gumba, kisha uulegeze taratibu huku ukiupiga pamoja na uzi wa nne. Mwanzoni sauti mbili zitagombana; utasikia mtikisiko wa haraka. Endelea kulegeza. Mtikisiko utapungua kasi, utageuka wimbi refu la polepole, halafu utatulia. Hapo uzi wa sita umeshuka kutoka E hadi D, na mngurumo wake utausikia kifuani kabla ya masikioni. Umegusa uzi mmoja tu, kwa toni moja tu, na tayari unashika chombo kingine.

Wengi wanaojifunza gitaa hapa Misungwi, kama kwingineko nchini, hufundishwa kutuni kwa njia moja: E, A, D, G, B, E, kuanzia uzi mnene. Siku hizi programu ya simu inamaliza kazi hiyo kwa dakika mbili. Mpangilio huo ni mzuri, tena una sababu zake: unaruhusu kodi nyingi bila vidole kusafiri mbali, na umebeba karibu muziki wote wa dansi tulioukulia. Lakini ni mpangilio mmoja kati ya mingi. Mpigaji anayekaa huku Usukumani akaishi nao peke yake maisha yake yote anaziacha nje ya gitaa lake sauti ambazo nchi hii ilikuwa nazo kabla gitaa halijafika. Kutuni ni sehemu ya utunzi. Anayechagua namna ya kukaza nyuzi ameshaanza kuandika wimbo.

Sauti zenyewe ni zipi? Nitaanza na ndono.

Ndono ni upinde wa muziki unaojulikana kwa Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi. Una uzi mmoja na kibuyu kilichofungwa kwenye mti wake, na mpigaji huugonga uzi kwa kijiti chembamba. Kwa mtu anayepita njia, ni chombo cha sauti mbili tatu. Kaa karibu na mpigaji ndipo utaelewa. Mdomo wa kibuyu unaukabili mwili wake. Akiusogeza karibu na kifua au akiuachia kidogo, zinatoka sauti nyembamba juu ya ile nzito, moja baada ya nyingine, kana kwamba kuna filimbi iliyojificha humo ndani. Uzi ni uleule. Kinachobadilika ni sehemu ipi ya sauti yake kibuyu kinaikuza.

Siri hiyo imo katika kila uzi duniani, na wa gitaa pia. Uzi ukipigwa hautikisiki mzima tu. Papo hapo unatikisika katika nusu zake, theluthi zake, robo zake, na kuendelea, na kila mgawanyo una sauti yake. Mwanakwaya anayesoma solfa ataelewa upesi: uzi mzima ukiwa do, nusu zake zinatoa do ya juu, theluthi zinatoa so, robo zinatoa do tena, sehemu ya tano inatoa mi, ya sita so. Jaribu kwenye gitaa. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, bila kuubana, upige na uachie: utapata oktava. Hamia freti ya 7, utapata so. Ya 5, do nyingine. Karibu na ya 4, ukiwa mvumilivu, mi itatoka, nyembamba na safi.

Sasa chukua gitaa hilohilo ulegeze nyuzi tatu, kila mmoja kwa toni moja: wa sita kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, wa kwanza kutoka E hadi D. Umepata D, G, D, G, B, D. Wapigaji wa nje wanauita mpangilio wa wazi wa G, kwa sababu nyuzi zote sita zikipigwa bila kubanwa zinatoa kodi ya G. Zisome kwa solfa: so, do, so, do, mi, so. Ni familia ileile iliyojificha ndani ya uzi mmoja wa ndono. Kile ambacho mzee wa Kisukuma alikitafuta kwa kibuyu na kifua, gitaa lililolegezwa linakitandaza juu ya nyuzi sita.

Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hii, ndiyo maana nimelitanguliza. Mara nyingi mipangilio ya wazi inaelezwa kama ujuzi wa Wamarekani, wapigaji wa blues na nyimbo za mashambani. Kweli waliikuza mno. Lakini kanuni iliyo chini yake tulikuwa nayo, na Wagogo wa Dodoma wameijengea muziki wao. Msikilize Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, akiimba na ilimba yake, chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba: ngazi ya sauti anazopanda na kushuka inafuata migawanyo hiyo ya uzi, haifuati kinanda. Ndiyo sababu sikio lililozoea kinanda linahisi kwamba kuna sauti zimekaa chini kidogo au juu kidogo. Zimekaa mahali pake. Kinanda ndicho kilichosogeza. Katika mgawanyo wa kisasa wa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa, mi imepandishwa kidogo kupita mi ya asili, takriban sehemu ya saba ya nusu toni. Ukishatuni gitaa lako wazi, ushushe uzi wa pili, ile B, kidogo tu, hata kama simu italalamika. Sikiliza kodi nzima ikitulia. Wapigaji wengi wa mipangilio ya wazi hufanya hivyo kwa sikio bila hata kulitaja.

Kando ya Ziwa Victoria vyombo vya nyuzi vimejaa. Kaskazini huko, Wakerewe wana enanga, kama Wahaya wa ng'ambo: ubao uliochongwa kama kihori, uzi umepitishwa juu yake huku na huku, na mwimbaji anasimulia mambo ya watawala na vita huku akiicharaza. Upande wa Tarime kuna litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane na sauti nzito inayotambaa ardhini. Kwa Wajaluo kuna nyatiti, nayo ya nyuzi nane. Katika litungu na nyatiti, nyuzi hukazwa kwa kuzungusha vifungio kwenye mti wa juu, na mwenye chombo huzipandisha au kuzishusha zifuate koo lake. Hakuna kiwanda kilichompa sauti ya kuanzia. Makubaliano ya dunia kwamba A iwe mitikisiko 440 kwa sekunde yalifikiwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939, na hayajawahi kumhusu mpiga litungu.

Gitaa lilipofika, lilikuja na tabia nyingine. Katika miaka ya 1950 magitaa ya bei nafuu kutoka Afrika Kusini yenye chapa ya Gallotone yalienea sana, hata watu wakaliita gitaa lolote lisilo la umeme galatoni. Yalikuwa mepesi, ya kubebeka begani, na yaliwafaa wanaume waliotembea umbali mrefu kutafuta kazi migodini na mashambani. Nyuzi zilikuwa adimu. Uliokatika uliweza kufungwa fundo na kurudishwa, au nafasi yake ikajazwa na waya wa breki ya baiskeli. Anayepiga chombo cha namna hiyo hutuni kwa kile kilichopo.

Kuna mkondo mmoja wa gitaa ambao asili yake haiko mbali na hapa, ingawa ulizunguka. Ukivuka Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi, lile la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025, ukapita Sengerema na Geita ukafika Ushirombo, umeingia nchi ya Wasumbwa. Katikati ya karne ya 19 mfanyabiashara Msiri alitoka upande huo akaenda Katanga kufuata shaba na pembe za ndovu, akasimika utawala wake Bunkeya. Watu wake wakaitwa Wayeke. Aliuawa Desemba 1891 na msafara wa Kapteni William Stairs, uliokwenda kumtwalia nchi Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Bunkeya hiyohiyo, mwaka 1930, akazaliwa Mwenda Jean Bosco, aliyejitambulisha kwa fahari kuwa Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akarekodi gitaa lake.

Ninaposikiliza "Masanga" ya Bosco bado napata shida kuamini kwamba ni mtu mmoja. Kidole gumba kinashikilia sauti za chini, cha shahada kinacheza juu, na kati yao kunazuka wimbo wa tatu ambao hakuna kidole kinachoupiga peke yake. David Rycroft aliuchambua upigaji huo noti kwa noti katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Na hapa lazima nisimame, maana hoja yangu isije ikavuka mpaka: Bosco alipiga "Masanga" kwa mpangilio wa kawaida. Utajiri wake uko katika mkono wa kulia. Mpangilio mpya wa nyuzi hauokoi mkono mvivu, na asiyeweza kuziachanisha besi na sauti za juu katika E, A, D, G, B, E hataziachanisha popote.

Waliolegeza nyuzi walikuwapo, na wengine walikuwa jirani. Malawi kulikuwa na upigaji ulioitwa hauyani: gitaa linatuniwa likawa kodi moja ya wazi, kisha mpigaji anateleza juu ya nyuzi kwa chupa badala ya kuzibana kwa vidole. Daniel Kachamba, aliyefariki mwaka 1987, aliupiga kwa ustadi mkubwa. Jina hilo limetokana na Hawaii, visiwa vya katikati ya Bahari ya Pasifiki, na sahani za santuri ndizo zilizoutembeza mtindo huo hadi bara letu. Congo nako mpiga gitaa Docteur Nico aliupenda mtelezo wa Kihawaii akauingiza kwenye rumba.

Historia ya Hawaii yenyewe inapaswa kumgusa Msukuma. Katika miaka ya 1830 mfalme wa visiwa hivyo aliwaita wachunga ng'ombe kutoka Meksiko wawafundishe watu wake kuswaga makundi yaliyokuwa yamegeuka ya porini. Wageni walikuja na magitaa. Walipoondoka, mengine yalibaki kwa wachungaji wenyeji, nao wakayalegeza nyuzi mpaka yakafuata nyimbo zao. Ukatokea muziki mzima ambao jina lake kwa Kihawaii linahusu kulegeza nyuzi, na familia zilificha mipangilio yao kwa wivu. Wachunga ng'ombe, jioni, gitaa la kigeni na nyimbo za nyumbani: nani huku hawezi kuiona picha hiyo? Wazulu wa Afrika Kusini walifanya kitu kinachofanana katika maskanda. Hushusha uzi wa kwanza tu, kutoka E hadi D, na badiliko hilo dogo linatosha kulifanya gitaa liongee Kizulu.

Safari nyingine ilikwenda kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Davey Graham, Mwingereza ambaye mama yake alitoka Guyana, alikaa Moroko akitaka kupiga pamoja na wapiga udi. Kodi za gitaa lake zilikuwa zinasema sana. Zilitangaza furaha au huzuni mahali ambapo udi uliacha wazi. Akashusha uzi wa sita, wa pili na wa kwanza, kila mmoja kwa toni moja, akapata D, A, D, G, A, D. Kwa solfa: do, so, do, fa, so, do. Hakuna mi. Gitaa halielemei upande wowote, na mwimbaji ndiye anayeamua. Mpangilio huo sasa unapigwa duniani kote, na sijui kwa nini wapigaji wetu wa gitaa wanaopenda taarabu hawaukimbilii, wakati udi uko Unguja miaka yote hii na jirani yake ni gitaa.

Kwa uzoefu wangu, mpangilio huu wa D, A, D, G, A, D ndio unaozifaa zaidi nyimbo za manju wa Kisukuma. Wimbo wa kilimo au wa ngoma huanzishwa na sauti moja, kundi likaitikia, na sauti hiyo ya mwanzo hupenda kuzunguka bila kubanwa na kodi. Nikipiga kodi za kawaida chini yake, najisikia nimemfunga manju kamba. Nikiacha nyuzi za D na A zivume, nikafuata wimbo wake kwenye uzi wa tatu na wa pili tu, anapata nafasi. Wanakwaya wanaofahamu nyimbo za zamani huhisi tofauti hiyo mara moja, hata wasiojua jina la uzi wowote.

Fundi atauliza juu ya usalama wa gitaa, na swali ni la haki. Mvutano wa uzi hufuata mraba wa idadi ya mitikisiko yake. Ukiushusha uzi kwa toni moja, mvutano unapungua kwa takriban sehemu moja ya tano. Ukiupandisha kwa toni moja, unaongezeka kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo shusha, usipandishe. Gitaa la bei nafuu ambalo daraja lake limegundishwa kwa gundi dhaifu linaweza kung'oka tumbo kwa kupandishwa. Nyuzi zilizoshuka zikilegea mno hugonga freti na kukoroma. Weka seti nene kidogo. Ukitaka sauti ya juu, tumia kapo, au ile kalamu ya risasi iliyofungwa kwa mpira ambayo wapigaji wa Afrika Mashariki wameitumia siku zote. Na ukishatuni, vuta kila uzi kwa kidole mara kadhaa, utuni tena. Uzi uliotoka kubadilishwa hutaka kurudi ulikotoka.

Bendi zetu za dansi nazo zimeonja jambo hili kupitia gitaa la Wakongo liitwalo mi-kompoze. Humo uzi wa nne unatolewa, nafasi yake inawekwa uzi mwembamba uliotuniwa D ya oktava ya juu. Gitaa linapoteza uzito wa katikati na kupata mng'ao, likakaa kati ya solo na ridhimu bila kumkanyaga yeyote. Kila anayependa rumba ameisikia sauti hiyo, hata kama hakujua kwamba imetokana na uzi mmoja kubadilishwa. Ng'ambo ya bahari, Madagaska, D'Gary amekwenda mbali zaidi: anatuni gitaa kavu kwa namna mbalimbali hadi linatoa mlio wa marovany, lile sanduku la nyuzi la kwao. Alianza na chombo cha nyumbani, akauliza gitaa lifanye nini ili likifikie. Utaratibu huo ndio ninaoutamani hapa.

Kuna pingamizi moja ninalolipa uzito. Kanisani au kwenye harusi hupigi peke yako. Kiongozi anabadilisha ufunguo katikati ya wimbo, kinanda kinamfuata, na wewe mwenye gitaa la wazi la G umekwama. Ni kweli. Mpangilio wa wazi unafungua mlango mmoja kwa upana na kuibana mingine. Katika G ya wazi, kidole kimoja kikilazwa juu ya freti ya 5 kinakupa kodi ya C, cha freti ya 7 kinakupa D, na nyimbo nyingi haziombi zaidi ya hizo tatu. Lakini kodi ndogo, zile za huzuni, zinahitaji akili mpya ya vidole. Joni Mitchell wa Kanada, ambaye mkono wake wa kushoto ulidhoofishwa na polio utotoni, alizichukua tuni za wazi kwa sababu umbo la kodi za kawaida lilimchosha, na akazitungia kodi ambazo hazikuwa na majina. Mkono uliodhoofika ulimpa lugha yake. Mwenye magitaa mawili aache moja kama lilivyo kwa ajili ya kundi. Mwenye moja atenge saa ya kuwa peke yake.

Tatizo letu kubwa zaidi ni kumbukumbu. Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akawarekodi Wasukuma na Wanyamwezi, na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 inazihifadhi rekodi zake Afrika Kusini. Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kinene kilichotoka mwaka 2010. Bujora, pale Kisesa, makumbusho iliyoanzishwa na Padri David Clement inatunza ngoma na vyombo, na kila Juni sikukuu ya Bulabo huwakutanisha wachezaji wa vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Msingi upo. Kinachokosekana ni wapiga gitaa vijana wanaokwenda kwenye rekodi hizo na vyombo hivyo wakiwa na gitaa mkononi, wakitafuta nyuzi zao zikae wapi. Ngoma zina watetezi wengi. Vyombo vya uzi mmoja vina wachache, na wanaovipiga wamezeeka.

Kwa hiyo, kijana, ukimpata mzee mwenye ndono, iwe Misasi au Mbarika, msalimu, ukae chini, usianze kwa kumwonyesha unachoweza. Mwache apige mpaka amalize nyimbo zake. Kisha zima simu, utuni uzi wa tano uafikiane na uzi wa upinde wake, popote ulipo, hata kama si G ya vitabu. Huo ndio do ya siku hiyo. Nyuzi nyingine tano zipange kutoka hapo, moja moja, ukimwuliza kila mara kama imekaa.